Jibu la Kwanza

Mazungumzo niliyotoa mbele ya wakazi, mabalozi wa nyumba kumi, viongozi wa dini na vijana wa vijiweni katika ukumbi wa kata, Manzese, Dar es Salaam. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimeondoa tu yale niliyoyarudia.

Assalaam alaikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Namshukuru mwenyekiti wa mtaa kwa kunikaribisha, na nawashukuru kina mama mliofunga genge mapema ili mfike hapa. Najua saa kumi na moja jioni ndiyo saa ya kuuza, kwa hiyo sitazunguka.

Kazi yangu ni kuuliza maswali. Kwa miaka mingi nimekuwa mhoji wa tafiti. Natembea nyumba kwa nyumba, zamani na karatasi, siku hizi na kishikwambi, nawauliza wanawake habari za afya zao na za ndoa zao. Siku moja, mtaa sitautaja, nilikaa mkekani na mama mmoja uani kwake. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Tulipofika kwenye maswali ya kipigo hakuinua macho. Alijibu huku vidole vinaokota chuya: ndiyo, amewahi kunipiga kofi, ndiyo, amewahi kunisukuma, ndiyo, kwa mkanda. Mara mama mkwe wake akatokea na ndoo ya maji. Nikafunua ukurasa mwingine, nikauliza, "Humu ndani mna vyandarua vingapi?" Akasema viwili, kimoja kimetoboka. Tukaongea habari za mbu mpaka mama mkwe alipomimina maji na kwenda zake. Yule mama akatikisa ungo, akasema, "Tulikuwa kwenye mkanda."

Ule ukurasa wa vyandarua sikuubuni mimi. Tunafundishwa hivyo kabla ya kuruhusiwa kubisha hodi. Shirika la Afya Duniani liliweka taratibu za utafiti wa aina hii: nyumba moja anahojiwa mwanamke mmoja tu, ili wengine wasijue maswali, pale mtaani utafiti unaitwa wa afya na maisha ya wanawake, neno ukatili halitajwi, na mtoto aliyepita miaka miwili hatakiwi kuwa karibu wakati wa mahojiano, kwa sababu mtoto husimulia. Mtu akiingia, mhoji anabadilisha mazungumzo. Swali likivuja, mwenye kulilipia ni mwanamke, tena jioni ileile.

Nimemtanguliza yule mama ili muone kwamba hakuwa bubu. Habari yake alikuwa nayo, imepangwa, anajua hata tuliishia wapi. Na alikwishaisema kabla yangu. Mwishoni tunauliza: umewahi kumweleza mtu yeyote? Akasema alimweleza mama yake mzazi, mwaka wa pili wa ndoa. Nikauliza mama alisemaje. Akanyamaza kidogo, akasema, "Aliniuliza, 'Kwani mimi na baba yako tulikaaje?'"

Basi. Hilo ndilo lililonileta hapa. Sikuja kuzungumzia mahakama, wala wizara, wala wafadhili. Nimekuja kuzungumzia jibu analolipata mwanamke mara ya kwanza anapofungua mdomo, maana wanaolitoa jibu hilo mmekaa kwenye viti hivi.

Jiji letu limepimwa katika jambo hili, tena mapema. Mwaka 2001 na 2002, watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na Shirika la Afya Duniani waliwahoji wanawake zaidi ya 1,800 hapa Dar es Salaam, na wengine mkoani Mbeya, wa umri wa miaka 15 hadi 49. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005 pamoja na ya nchi nyingine. Kati ya waliowahi kuwa na mume au mwenza, hapa Dar asilimia 41 walisema amewahi kuwapiga au kuwaingilia kwa nguvu. Mbeya ilikuwa asilimia 56. Na hapa Dar zaidi ya mmoja kati ya watano alisema yamempata ndani ya miezi 12 iliyopita. Msije mkadhani ni sisi tu: katika mji mmoja wa Japani ilikuwa asilimia 15, katika jimbo moja la Ethiopia asilimia 71. Hakuna mahali walipouliza wakakuta hakuna.

Lakini namba inayoninyima usingizi ni nyingine. Katika kila nchi iliyofanyiwa utafiti ule, zaidi ya nusu ya wanawake waliopigwa hawakuwahi kwenda polisi, hospitali, ustawi wa jamii wala kwa kiongozi yeyote kuomba msaada. Waliosema, walimwambia ndugu, rafiki, jirani. Sisi tunajenga ofisi, tunabandika mabango, tunatangaza namba za simu, na vyote hivyo vinatakiwa. Ila mwanamke mwenyewe anakwenda kwa dada yake. Anakwenda kwa somo yake aliyemcheza. Anamwambia mwenzake wa kikoba wakati wanahesabu hisa. Ofisi ya kwanza ya mwanamke anayepigwa ni mtu mmoja anayemwamini, na ofisi hiyo haina bango wala saa za kufunga.

Na majibu ya ofisi hiyo tunayajua. Vumilia, ndoa ndivyo zilivyo. Ulimfanya nini? Fikiria watoto. Usitoe ya ndani nje. Funika kombe. Rudi, mzee atazungumza naye. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria wa mwaka 2015 na 2016, wanawake waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mke akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kumwambia, akiacha kuangalia watoto, au akimnyima unyumba. Asilimia 58 ya wanawake walikubali angalau sababu moja. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Narudia, maana nimeona mtu ametikisa kichwa pale: wanawake 58, wanaume 40. Mama zangu, silisemi hili kuwalaumu. Aliyepigwa miaka thelathini akaambiwa ndiyo maisha, atamwambia nini binti yake? Anampa alichopewa. Anadhani anamwokoa.

Hata mimi nimelitoa jibu hilo. Nalisema kwa ruhusa ya mwenyewe, jina nimelificha. Nilikuwa na mwenzangu katika kikoba, mtu wangu wa karibu kabisa. Jumamosi moja tulibaki wawili, tunafunga daftari, akaniambia, "Mwenzio jana sikulala." Akavuta mtandio kidogo, akanionyesha bega. Wakati huo nilikuwa tayari mhoji. Nilikuwa nimefundishwa, nina cheti nyumbani. Nikamwambia, "Pole shoga yangu. Wanaume ndivyo walivyo, wewe angalia tu asikukute na hasira." Nilisema kwa upendo. Alirudisha mtandio, akafunga daftari, akaniuliza kama mandazi yamebaki. Miaka minne iliyofuata tuliongea kila kitu, ada, misiba, bei ya mafuta ya kula. Hilo hakulirudia. Siku aliponiambia kwa nini, alisema maneno haya: "Nilikupa mlango ukaufunga polepole, nikajua hata wengine wataufunga."

Ninapofundisha wahoji wapya nawasimulia hilo kabla sijawapa dodoso.

Sasa, kuvumilia kunagharimu nini? Mwaka 2002 lilichapishwa andiko la utafiti uliofanyika kwenye kituo cha ushauri nasaha na upimaji wa VVU hapa Muhimbili. Wanawake 245 walihojiwa. Wenye maambukizi walikuwa wamepitia ukatili wa wenza zaidi kuliko wasio nayo, na kwa walio chini ya miaka 30 tofauti ilikuwa kubwa mno: wenye maambukizi walikuwa na uwezekano wa kuwa wamefanyiwa ukatili mara kumi zaidi. Fikirini wenyewe njia. Mwanamke anayeogopa kofi hawezi kusema leo vaa kondomu. Hawezi kusema twende tukapime. Akipima peke yake, hathubutu kurudi na karatasi.

Miaka kumi hivi baadaye, Muhimbili hapo hapo, wajawazito 1,180 waliulizwa. Asilimia 27 walisema mwenza amewapiga au amewaingilia kwa nguvu wakati wa ujauzito huo. Na waliofanyiwa hivyo ndio waliokutwa zaidi na sonona na hofu isiyoisha. Wauguzi mlioko hapa mnawajua, yule anayekuja kliniki kila mara na malalamiko mapya, leo kichwa, kesho mgongo, vipimo havioni kitu. Siri ya mtungi muulize kata. Muulize. Lakini muulize peke yake, mumewe akiwa nje ya mlango, na usimuulize kabisa kama huna pa kumpeleka baada ya jibu.

Basi tujibuje? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2014 kwa wahudumu wa afya, nami nadhani unamfaa hata mama lishe. Kwanza sikiliza, na kusikiliza maana yake funga simu na funga mdomo. Usimkatishe kwa kisa chako. Kisha muulize anahitaji nini sasa hivi. Usimwambie wewe unachoona anahitaji. Mmoja anataka pa kulala leo, mwingine anataka nauli, mwingine anataka tu kulia mahali ambapo watoto hawamwoni. Mwambie unamwamini na kwamba kosa si lake. Maneno mawili hayo, nakuamini, si kosa lako, niliwahi kuyasema kwa mama mmoja Mbagala akanishika mkono asiuachie. Halafu mjadiliane usalama wake. Mwisho msindikize. Usimpe namba ya simu ukadhani umemaliza, nenda naye.

Kwenye usalama naomba nikae kidogo, kwa sababu hapo watu wema ndipo wanapoua.

Jambo la kwanza, tusikimbilie kusema "ondoka leo." Wataalamu wa eneo hili wanajua kwamba wakati mwanamke anapoondoka, au anapotangaza kuondoka, ndio wakati wa hatari kuliko yote, kwa kuwa mwanaume anaona mamlaka yanamtoka. Kuondoka kunapangwa. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kitambulisho cha NIDA, fedha kidogo na nguo moja moja vikae kwa mtu. Wakubaliane na jirani neno: mtoto akija kuazima chumvi saa tatu usiku, jirani anajua hiyo si chumvi. Nyumba zetu za kupanga, chumba kwa chumba, ukuta mmoja, zina faida hiyo moja. Tunasikia. Tukisikia tunaongeza sauti ya redio. Tunaweza pia kwenda kugonga mlango, wawili watatu kwa pamoja, kuuliza kama wana kiberiti.

Jambo la pili ni shingo. Akikwambia "alinikaba," simama hapo hapo. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenza wake akapona, uwezekano wa kuja kuuawa na mwenza huyo unapanda zaidi ya mara saba. Na kukabwa mara nyingi hakuachi alama. Hakuna damu wala jicho lililovimba, sauti tu imekwaruza, kumeza kunauma, labda alijikojolea akaona aibu kusema. Huyo anatakiwa hospitali siku hiyo hiyo, na mazungumzo ya suluhu yasubiri. Mabalozi wangu, tafadhali, ninyi ndio mnaoitwa usiku. Kama hamtakumbuka lingine la leo, mkumbuke shingo.

Na nikiwa kwa mabalozi, mnisamehe nitasema la pili. Nimeona mara nyingi wakiitwa mume na mke pamoja, wanakalishwa kwenye benchi moja, mwanamke anaambiwa, "Haya mama, eleza amekukosea nini." Ataeleza nini, na aliyempiga amegusana naye bega? Atasema yameisha. Mtaandika yameisha. Mkiondoka, yanaanza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeweka mabaraza ya usuluhishi, na mtu anayetaka talaka kwa kawaida hupitia huko kwanza. Kupatanisha watu waliogombania matumizi ya nyumba ni kazi njema. Kwenye kipigo, mimi naona tuwasikilize mbalimbali, mwanamke kwanza, tena faraghani. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Imesema hivyo tangu 1971. Wengi wetu hapa hatujazaliwa.

Njia ya msaada kwa ufupi, maana karatasi mtagawiwa. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ombeni chumba hicho, msisimulie kaunta mbele ya watu. Hapo ndipo inapotolewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Aliyeumia vibaya aende hospitali, habari ya fomu itafuata. Amana kule Ilala kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako mahali pamoja, ili mtu asimulie mara moja badala ya mara nne. Aliyebakwa awahi ndani ya saa 72 apewe dawa za kuzuia VVU, na kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa. Ya kuzuia mimba ni ndani ya siku tano, na nayo ukiwahi ndiyo bora. Namba 116 ni ya watoto, 112 ni ya dharura ya polisi. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na sheria tangu mwaka 2017, na msaada wao ni bure.

Nimetaja kubakwa, na pale nyuma kuna aliyenong'ona, "Na mumewe je?" Swali zuri, na jibu lake linanisikitisha. Kanuni yetu ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inamwona mume kuwa amembaka mkewe pale tu wanapokuwa wametengana. Wanaoishi pamoja, sheria inanyamaza. Tanzania Bara hatuna sheria moja mahsusi ya ukatili wa majumbani. Wabunge wetu tunaowachagua wanalijua hilo, na wakija kuomba kura waulizwe.

Sasa nije kwenye kuzuia, na hapa nawageukia vijana.

Je, kipigo kinazuilika, au tunajifariji tu? Kitaifa, wanawake waliosema wamewahi kupigwa na mtu yeyote tangu wafike miaka 15 walikuwa asilimia 40 katika utafiti wa 2015 na 2016. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 27. Ni wengi mno bado, lakini kumbe namba hizi huteremka, na kitu kinachoteremka kinaweza kusukumwa.

Jirani zetu wa Kampala walijaribu jambo ambalo jina lake limetoka kwetu: waliliita SASA! Kuanzia 2007 hadi 2012 walifuatilia maeneo manane ya jiji. Katika manne walifundishwa wakazi wa kawaida, fundi cherehani, muuza mkaa, askari, muuguzi, wawe wanazungumza na wenzao. Wakati wengi wetu huanza na "usimpige mkeo," wao walianza na swali la nguvu: wewe unajisikiaje mwenye nguvu akikuonea? Mwenye nyumba, bosi, mgambo. Na nguvu uliyo nayo wewe, unaitumiaje? Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Katika maeneo yaliyofikiwa, kipigo cha wenza cha mwaka uliopita kilikuwa pungufu kwa asilimia 52 ukilinganisha na maeneo mengine. Na kuna jambo dogo ndani ya taarifa ile ambalo nililipigia mstari: wanawake waliofanyiwa ukatili katika maeneo yale walijibiwa vizuri na watu wao mara mbili hivi zaidi ya wenzao. Maeneo manane ni machache, na watafiti wenyewe walisema kiwango halisi cha kupungua kinaweza kuwa chini au juu ya hapo. Lakini uvumilivu wa jamii kwa kipigo, hilo lilipungua wazi.

Mwanza nako, vikundi 66 vya mikopo vya kina mama viligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipata mafunzo ya vipindi kumi juu ya mahusiano na haki katika ndoa, nusu wakasubiri. Majibu yalitoka 2019: kipigo kilipungua kwa waliopata mafunzo. Kuingiliwa kwa nguvu hakukupungua. Mnaona ilivyo, pale ambapo sheria imenyamaza ndipo hata mafunzo yanapogonga mwamba. Hilo ni wazo langu, watafiti hawakulisema.

Na hapa kwetu, Dar es Salaam hii, walikwenda vijiweni. Mradi uliitwa Vijana Vijiweni. Kambi 60 za vijana wa kiume, zaidi ya watu 1,200. Nusu ya kambi zilipata mikopo midogo na viongozi rika waliofundishwa, wakafuatiliwa miezi 30. Taarifa ilitoka mwaka 2020. Vijana wale walipima VVU zaidi, na mawazo yao juu ya wanawake yalikuwa ya haki zaidi. Kipigo walichokiri wenyewe hakikutofautiana na cha kambi nyingine.

Watu wengine wangeificha taarifa hiyo. Mimi naiheshimu kuliko zote, kwa sababu waliotuambia ukweli usiopendeza walitufanyia hisani. Kichwa kilibadilika, mkono ukabaki pale pale. Nimeifikiria sana. Kwa maoni yangu, kijana alisikia maneno mapya kambini, akarudi nyumbani ambako mke, mama, mama mkwe na balozi bado wana majibu ya zamani. Rwanda walifanya kinyume: waliwakalisha kina baba vijana pamoja na wake zao, wakajifunza malezi, matumizi ya fedha, kugombana bila kupigana. Karibu miaka miwili baadaye wanawake waliosema wamepigwa mwaka uliopita walikuwa asilimia 33 kwa waliofundishwa, na 57 kwa wasiofundishwa. Thelathini na tatu si ushindi kwa yule wa thelathini na tatu. Lakini tofauti hiyo ni nyumba nyingi sana.

Vijana wangu, nanyi mna jibu la kwanza. Mwenzenu anakuja kijiweni asubuhi, anakaa kwenye pikipiki, anasema, "Jana nimemnyoosha." Sekunde mbili zinazofuata ndizo ninazoziuliza mimi. Mnacheka? Mnasema "safi, mwanamke lazima ajue"? Mnanyamaza mnaangalia simu? Au kuna mmoja anasema, "Kaka, hapana bwana, hiyo si sawa, njoo pembeni tuongee." Najua ni vigumu. Anayesema hivyo ataitwa ametawaliwa. Lakini mwenzenu aliwapa habari ile kwa sababu alitaka kusikia mtasemaje, kama yule mama aliyekwenda kwa mama yake.

Na kama ni wewe mwenyewe, mkono wako umeshainuka, na moyoni hupendi, uje. Kuna wanaume wamekaa nami wakalia. Sitakuitia polisi kwa sababu umeniomba msaada, ila sitakuficha kama kuna mtu nyumbani kwako ambaye maisha yake yako hatarini. Nakwambia mapema ili ujue unamwambia nani.

Muda wangu umekwisha, naona kengele ya mwenyekiti. Kwa maswali ya hadharani tunaanza sasa. Asiyetaka kuuliza hadharani, nitakuwa nimekaa kwenye benchi chini ya mwembe mpaka saa moja na nusu usiku. Nimekuja na dodoso la vyandarua, kwa hiyo mtu yeyote akipita, tutakuwa tunahesabu vyandarua. Nanyi wanaume mliosimama pale dirishani tangu nianze, ingieni, viti vya mbele vipo.